Kufungua poti kwenye ruta ya nyumbani ili simu za intaneti ziingie na sauti isikike pande zote

Kama wewe unapiga WhatsApp tu, au una app kama Linphone uliyoisajili kwa kampuni ya simu za intaneti, acha ruta yako ilivyo, hamna poti, yaani mlango wenye namba wa kupitishia data, ya kufungua hapo, simu yako ndo inaanza kuongea na seva ya nje na njia ya kurudi inabaki wazi yenyewe. Haya ni ya yule aliyeweka seva yake nyumbani, mfano Asterisk, programu ya kuendesha simu, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, anataka kaka yake aliyeko Mwanza ajisajili kutokea huko na apige ekstensheni, yaani namba za ndani, kama yuko sebuleni.

Kabla hujagusa kitu angalia IP, wengi wanaruka hapa halafu wanahangaika usiku kucha. Ingia kwenye ruta kwa braoza, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, tafuta IP ya upande wa WAN, yaani upande wa intaneti ya nje, linganisha na ile unayoiona ukigugo IP yangu ni ipi. Zikifanana endelea. Zikitofautiana, hasa ile ya WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 au inaanza na 10, ujue mtoa huduma amewarundika wateja wengi kwenye IP moja, na hapo hata ufungue poti zote hakuna kitakachoingia. Intaneti za laini ya 4G na 5G ndo zilivyo mara nyingi. Waombe IP ya peke yako, kawaida unalipia, au hamishia Asterisk kwenye VPS, yaani seva ya kukodi mtandaoni, na haya mengine ya ruta usahau.

IP ikiwa sawa, ipe Pi anwani isiyobadilika humo humo kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, tuseme 192.168.1.50. Usipofanya hivyo umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa nyingine na poti zako zinaelekea hewani.

Sasa poti zenyewe. Menyu inaitwa Port Forwarding, ruta nyingine Virtual Server. Kila poti inakuwa ya aina ya UDP au TCP, njia mbili za kutuma data. Unafungua UDP 5060, hiyo ni ya SIP, yaani ya kuita na kukata, sauti haipiti huko. Sauti inapita kwenye RTP, na Asterisk ikiwa haijaguswa inatumia UDP 10000 mpaka 20000. Ukisahau hizi simu itaita vizuri kabisa, mtu atapokea, halafu mmoja anasema haloo haloo na mwenzie hasikii kitu. Elfu kumi ni nyingi mno kwa nyumba, nenda kwenye faili la mipangilio la Asterisk linaloitwa rtp.conf weka rtpstart 10000 na rtpend 10100 kisha fungua hizo hizo tu, kila njia ya sauti inakula poti mbili kwa hiyo bado familia nzima inatosha. Na kwenye pjsip.conf jaza external_media_address na external_signaling_address kwa IP yako ya nje, local_net weka 192.168.1.0/24, la sivyo seva itamwambia kaka wa Mwanza atume sauti 192.168.1.50 ambayo yeye haijui.

SIP ALG, kipengele cha ruta kinachorekebisha meseji za SIP zinapopita, izime. Ilitengenezwa kusaidia ila kwenye ruta nyingi inachezea meseji za SIP na kuziharibu.

Poti 5060 ikiwa wazi maroboti ya kubahatisha pasiwedi yatakuja tu, hilo usilione geni. Ekstensheni 101 pasiwedi 101 ni kujitafutia bili ya simu za nchi usizozijua. Weka pasiwedi ndefu, sakinisha fail2ban, programu ya kuwazuia wanaokosea pasiwedi mara nyingi, na kama una laini ya kulipia ndani ya Asterisk iwe ya kuweka salio kwanza. DMZ, ile sehemu ya ruta ya kuelekeza poti zote kwa kifaa kimoja, usiiguse kabisa, inaianika Pi nzima.

Kujaribu, zima Wi-Fi kwenye simu utumie bando, maana ruta nyingi hazikubali utoke ndani uingie tena kwa IP ya nje, na zile tovuti za kupima poti nyingi zinapima TCP tu kwa hiyo zikikwambia imefungwa usiogope. Ongeeni walau dakika nzima. Simu ikikatika yenyewe kwenye sekunde ya 32 hivi, sauti haina shida, ni ACK ya SIP, ujumbe wa kuthibitisha simu imepokelewa, haifiki, rudi kwenye external_signaling_address na ile ALG.