Barua za matangazo: usizitupe kwanza

Kwa miaka mingi dawa yangu ya barua za matangazo ilikuwa pipa la taka. Narudi jioni, nafungua sanduku, nachambua nikiwa bado nimesimama mlangoni: bili huku, katalogi ya mapazia kule, kipeperushi cha mtu anayetaka kununua nyumba ambayo wala si yangu. Wiki inayofuata sanduku limefura tena. Nilikuwa nateka maji kwa pakacha. Karatasi ilikwenda pipani, lakini jina langu lilibaki palepale kwenye orodha, na orodha ndiyo inayozaa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutotupa. Mwezi mzima. Mimi niliweka boksi la viatu chini ya meza, kila tangazo likaingia humo bila kufunguliwa. Siku ya thelathini nikamwaga sakafuni na kugawa mafungu matatu: zenye jina langu, zisizo na jina la mtu yeyote, na zenye majina ya watu wasiokaa hapa. Kila fungu lina dawa yake. Ukilitibu moja kwa dawa ya lingine utachoka bure, nami nilichoka sana kabla ya kujua hilo.

Fungu lisilo na jina ndilo jepesi. Hizo ni karatasi zinazogawiwa mlango kwa mlango, na anayezuiwa hapo ni mgawaji. Bandika ilani kwenye sanduku. Ujerumani watu huandika "Bitte keine Werbung", yaani tafadhali, matangazo hapana. Uholanzi wana stika za NEE/NEE, yaani hapana/hapana: hapana kwa vipeperushi, hapana kwa magazeti ya bure ya mtaani. Amsterdam tangu 2018 imegeuza kibao kabisa: asiyebandika stika ya JA/JA, yaani ndiyo/ndiyo, haletewi vipeperushi. Uingereza, vile vinavyoletwa na Royal Mail, posta ya huko, husimamishwa kwa kujaza fomu yao wenyewe. Popote ulipo, andika kwa lugha anayoisoma mgawaji, kwa herufi kubwa, karibu na tundu la kupitishia barua. Stika yangu ya kwanza niliiandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya daftari. Mvua moja tu, ikawa doa la buluu. Funika kwa utepe wa gundi.

Stika, hata hivyo, haigusi barua yenye jina lako. Hiyo imelipiwa na posta itaifikisha. Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Chukua bahasha au katalogi, tazama lebo ya anwani. Juu ya jina au pembeni mara nyingi pana namba au mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Hiyo ndiyo inayokutambulisha kwenye kompyuta yao, wakati mwingine na orodha waliyokutoa. Usiwaandikie jina tu, maana watakutafuta wakukose, hasa kama walilikosea tahajia. Mimi naikata lebo kwa mkasi, naibandika kwenye barua yangu, kisha naandika sentensi mbili tatu: "Naomba mfute jina na anwani iliyo kwenye lebo hii katika orodha zenu zote za matangazo. Naomba pia msizigawe wala kuziuza kwa mtu mwingine. Nijulisheni mlizipata wapi." Ukituma kwa baruapepe, piga picha ya lebo. Usiwe mkali, wala usieleze historia ya maisha yako. Karani anayesoma anataka namba.

Ukiwa nchi za Umoja wa Ulaya ongeza sentensi moja zaidi: kwamba unatumia haki yako chini ya kifungu cha 21 cha GDPR, sheria ya data inayotumika tangu Mei 2018. Ukipinga matangazo ya moja kwa moja chini ya kifungu hicho, wanapaswa kuacha, bila kukutoza. Uingereza kuna Mailing Preference Service, orodha ya wasiotaka barua za matangazo, nayo ni bure, ila huenda ukasubiri hadi miezi minne kuona nafuu kamili. Marekani, zile barua za "umeshaidhinishwa kadi ya mkopo" zina mlango wao peke yake, OptOutPrescreen: kwa simu au mtandaoni unajitoa kwa miaka 5, ukitaka kujitoa milele unatia sahihi fomu na kuituma kwa posta. Kabla hazijakoma, zichanechane. Zina taarifa zako, na mwizi akiipata fomu nzima anaweza kujaribu kuijaza kwa jina lako.

Usiwafokee wiki ya pili. Katalogi huandaliwa na kuchapwa lebo wiki nyingi kabla, kwa hiyo moja au mbili zitakuja hata baada ya kufutwa. Andika tarehe kwenye daftari, subiri miezi mitatu.

Sasa, nani anawapa jina langu? Nilipata jibu kwa hila ndogo. Sina jina la katikati. Niliponunua kabati, kwenye kadi ya waranti nikajaza herufi K. katikati ya majina yangu mawili. Haikupita miezi mitatu, K. akaanza kupokea barua: mazulia, bima, mashamba ya kukodi kwa likizo, mapazia tena. K. alikuwa maarufu kuliko mimi! Tangu hapo kila ninapojaza fomu nabadilisha herufi, na naandika daftarini nani nilimpa ipi. Kadi za waranti zinazouliza umri na mapato yako siku hizi naziacha wazi. Mara nyingi risiti inatosha. Bahati nasibu za "jaza ushinde gari" ndiyo usiseme.

Fungu la tatu ni la wapangaji waliohama. Usifungue, nchi nyingi huhesabu hilo kuwa kosa. Andika kwenye bahasha "Hakai hapa", futa anwani, na ufute pia ile mistari myembamba inayosomwa na mashine, la sivyo mashine itakurudishia wewe. Lakini barua za matangazo zinazotumwa kwa wingi kwa bei nafuu mara nyingi hazirudi kwa mtumaji, posta huzitupa tu, naye hajui kitu. Kwa hizo mwandikie mtumaji, kwa lebo ileile. Kama mhusika amefariki, sema hivyo waziwazi. Uingereza kuna The Bereavement Register ya kuondoa majina ya marehemu, nayo huwapunguzia wafiwa mengi.

Kwangu sasa zinaingia mbili au tatu kwa mwezi. K. bado anapata katalogi ya mapazia. Nimewaandikia mara mbili. Barua ya tatu iko mezani, inasubiri lebo mpya.