Jinsi ya kusimamia ubishi wa Vita vya Kagera kijiweni
Ubishi wa Kariakoo kuhusu kwa nini tuliingia Uganda huharibika mapema, kwa sababu wabishi wanajibu maswali mawili. Yatenganishe: kumtoa Amin Kagera ni moja, kwenda hadi Kampala ni lingine.

Andika tarehe kwenye karatasi: Oktoba 1978, uvamizi wa Amin; 2 Novemba, Nyerere anahutubia wazee Diamond Jubilee; Januari 1979, majeshi yetu yanateka Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda; 11 Aprili, yanateka Kampala. Anayetaja sababu aonyeshe ilikuwepo lini. Wengi hukwama kwenye hotuba ya Nyerere: neno lake “kumpiga” (yaani Amin) halisemi mwisho wa safari ni wapi.

Wanaopinga safari ya Kampala nao wasizomewe. Julai 1979, kule Monrovia, kwenye mkutano wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi. Dakika tatu kila mtu. Mzee aliyepigana, mwongezee (na kahawa mlipie).