Kabla ya kuuza kiti mwendo, jifunze kukitengeneza

Nilikuwa fundi baiskeli Shinyanga mjini kwa miaka tisa kabla sijagusa kiti mwendo. Siku moja binti mmoja alisukumwa na mdogo wake mpaka kibandani kwangu, tairi la kulia limefungwa kwa kamba ya katani. Kiti kilikuwa cha msaada, kizuri, hakijamaliza hata mwaka. Binti yule alikuwa hajatoka nyumbani miezi mitatu kwa sababu ya tyubu moja. Niliibadilisha kwa dakika ishirini. Kesho yake wakaja wengine wawili, na biashara yangu ikachukua njia nyingine.

Nayasema haya kwa sababu kila anayeniuliza namna ya kuingia kwenye biashara ya vifaa saidizi huanza na kontena: viti vinaagizwa wapi, kimoja bei gani. Mimi nasema anza na viti vilivyokwisha kufika. Muone mwenyekiti wa mtaa, uliza kanisani na msikitini, uliza viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu wilayani kwako. Nyuma ya nyumba nyingi utakuta kiti kilichotolewa siku ya sherehe, kikaharibika, kikasukumwa ukutani. Mwenye kiti hicho ndiye mteja wako wa kwanza. Hana haja ya kiti kipya, ana haja ya fundi.

Vifaa vya kuanzia ni vile vile vya baiskeli: spana, ufunguo wa spoku, pampu, viraka na solusheni, grisi, msumeno wa chuma. Mashine ya kuchomelea usinunue mwaka wa kwanza. Elewana na mchomeleaji jirani, umlipe kwa kazi. Pesa yako iweke kwenye vipuri, na hapo uwe makini. Magurudumu makubwa ya viti vingi ni ya inchi 24, ukubwa unaopatikana hata kwenye baiskeli, lakini si kila tairi la inchi 24 litaingia. Tairi lililoandikwa 24 x 1⅜ na lililoandikwa 24 x 1.75 yanakaa kwenye rimu tofauti kabisa. Soma maandishi ubavuni mwa tairi kuukuu kabla ya kulipa, maana mimi nilirudi kutoka Mwanza na matairi manane yasiyofaa. Beringi nayo ina namba ubavuni. Ing'oe, nenda nayo dukani. Gurudumu dogo la mbele ndilo linalosumbua, kwa hiyo ukilipata la ukubwa unaohitaji chukua zaidi ya jozi moja. Kisha weka ya kutosha mipira ya kuvisha ncha za magongo ya kutembelea. Ni bidhaa ndogo, lakini gongo lenye mpira ulioisha huteleza kwenye sakafu yenye maji na kumwangusha mtu.

Sasa kupima. Hapa ndipo ninapoomba unisikilize kuliko kwingine kote.

Mwaka wangu wa pili nilimuuzia mzee mmoja wa Tinde kiti chenye upana wa sentimita 46, kwa kuwa ndicho pekee nilichokuwa nacho. Nyonga zake zilikuwa sentimita 36. Mwanawe aliniuliza, "Fundi, hiki si kikubwa mno?" Nikamjibu kwamba mzee atakizoea. Mzee alikuwa ameumia uti wa mgongo, hana hisia kuanzia kiunoni kushuka chini, na kwenye kiti kile akawa anakaa ameegemea upande mmoja kutwa nzima. Wiki ya tano alikuwa amelazwa, ana kidonda cha mgandamizo kinachoingia kidole. Nilikwenda wodini nikamwamkia, nikamwambia kosa ni langu. Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Nenda ukajifunze kupima watu."

Nikajifunza. Futi ya fundi cherehani inatosha, ila mtu akae wima juu ya benchi gumu. Pima upana wa nyonga, huo ndio upana wa kiti. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, upunguze sentimita 3 hadi 6, upate kina cha kiti. Usipopunguza, ukingo utabana mishipa nyuma ya goti. Pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, upate urefu wa sehemu ya kukanyagia. Mwisho pima kimo cha mbavu za chini na cha ncha ya chini ya mfupa wa bega mgongoni, ujue egemeo lifike wapi. Andika vyote kwenye daftari, pamoja na njia anazopita mtu huyo. Kwetu kuna mchanga, na masika kuna udongo mweusi wa mbuga unaonata. Kiti cha hospitali chenye vigurudumu vyembamba vya mbele kimetengenezwa kwa ajili ya sakafu, na kwenye mchanga kinazama. Anayeishi kijijini mtafutie kiti chenye gurudumu la mbele nene, au chenye gurudumu moja lililosogezwa mbele zaidi ili kisipinduke.

Asiye na hisia usimpe kiti bila mto. Mimi nashona mto wa sponji ngumu chini na laini juu. Akishakaa, ingiza vidole chini ya mfupa wa kukalia: visipocheza, mto haufai. Mfundishe kujiinua kila baada ya muda mfupi, na jioni ndugu yake amwangalie ngozi. Wekundu usioondoka ni dalili ya kurudi kwako mara moja.

Haya unaweza kuyasomea. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981, kimefundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 2008 mwongozo wa viti mwendo kwa mazingira kama yetu. Na mtoto mwenye mtindio wa ubongo usimpime peke yako, mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mkae wote.

Jambo jingine: zungumza na anayekaa kitini, si anayekisukuma. Muulize yeye anataka kwenda wapi na kiti hicho.

Makaratasi hayachoshi sana: TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA, jina la biashara ulisajili BRELA, na leseni ya halmashauri. Ukifikia kuagiza nje, anza kwa kuuliza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na TRA kabla hujatuma pesa, kwa kuwa sheria za kodi zina misamaha kwa vifaa vya watu wenye ulemavu na lazima uiombe mapema. Mtaji pia upo halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani hukopeshwa bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muone afisa maendeleo ya jamii. Mimi niliungana na wateja wangu wawili wanaotumia viti, na mmoja wao leo ndiye anayenishinda kunyoosha rimu.

Wanaolipa ni nani? Familia hulipa kidogo kidogo, na kwetu hulipa pamba ikiuzwa, hivyo panga mapato yako kwa msimu. Fedha kubwa iko kwa mashirika, shule na wafadhili wanaogawa viti. Wakija, usiwape bei ya kiti peke yake. Waandikie kiti, kupima, mto, na matengenezo ya miaka miwili, kila kimoja mstari wake. Wengine watataka kuufuta mstari wa mwisho. Huo nimekataa kuufuta mara mbili, na mara zote mbili walirudi.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijashika spana, nafungua daftari na kuwapigia wote waliochukua kiti wiki mbili zilizopita, na waliochukua miezi mitatu iliyopita. Mzee wa Tinde namba yake iko ukurasa wa kwanza. Kiti chake sasa kina upana wa sentimita 36, na wiki iliyopita ameagiza tairi jipya la kushoto.