Kufufua kitako cha shotigani ya kale ya Kiingereza (kazi yote ipo kwenye yale mafuta meusi)

Mwezi uliopita jamaa yangu, tunaishi wote huku Birmingham, kaja kwangu na shotigani ya mitutu miwili aliyoinunua mnadani. Ya kizamani kweli, nyundo mbili ziko nje, mitutu ya Damascus (ile iliyosokotwa kwa tepe za vyuma zikafuliwa pamoja, ina michirizi), kitako cha walnati kimekuwa cheusi kama mwiko wa nyumba ya shughuli. Kaka, nataka ing'ae. Nikamwambia tuisome kwanza, kung'aa baadae. Naandika tulivyofanya maana ashakuwa mtu wa tatu kuniuliza haya haya.

Hatua ya 1: isome

Fungua, hakikisha chemba zote mbili (pale nyuma ya mitutu kartriji zinapokaa) ni tupu, vua mitutu uigeuze. Kwenye zile bapa za chini kuna mihuri midogo. Yake ilikuwa na fimbo mbili za kifalme zimepishana, taji, na herufi BPC, hiyo ni Birmingham Proof House, wapimaji wa mitutu walioanzishwa 1813 na mpaka leo wapo Banbury Street. Pembeni imeandikwa NOT FOR BALL. Maneno hayo yalipigwa kuanzia 1875 mpaka 1887 kwenye mitutu iliyobanwa mdomoni, kumwambia mwenye bunduki asitie risasi moja nzima ya duara. Basi umri wa bunduki umeshaupata bila kumlipa mtu.

Muhuri wa baruti ya kisasa haukuwepo, na usingekuwepo, hiyo mihuri imekuja 1896. Kwahiyo hii ni ya baruti nyeusi tu mpaka ipimwe upya. Halafu chemba zake ni za inchi 2½, yaani milimita 65. Kartriji ya milimita 70 itaingia vizuri tu na mlango utafunga, hapo ndo mtego ulipo, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa kartriji ikishapigwa na mdomo wake kufunguka, sasa mle ndani inakosa pa kufungukia na presha inapanda. Jamaa alikuwa na boksi zima la 70 kwenye gari.

Na msidanganyane eti ikiwa kuukuu haihitaji cheti. 12-bore, ndo ukubwa wa mtutu kama huu, inayokula kartriji za leo, Uingereza inataka cheti cha shotigani hata iwe na miaka 140.

Hatua ya 2: mitutu, sikiliza tu

Ning'iniza mitutu kwa kidole kimoja, gonga taratibu kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, na sauti ikakawia kuisha, shukuru. Ikitoa mlio wa sufuria yenye ufa, ule ubao mwembamba wa chuma katikati ya mitutu umeachia lehemu. Simama hapo, peleka kwa fundi wa bunduki mwenye vipimo, akuangalizie na unene wa kuta, mafundi wengi ikishuka chini ya nusu milimita hawaitaki kabisa.

Mitutu yenyewe usiirembe. Kuna watu watakwambia wakuchovyee kwenye tangi la kostiki (ile kemikali kali) ya moto itoke nyeusi tii kwa nusu saa. Kostiki inakula lehemu! Mitutu ya namna hii imeshikwa na lehemu laini, utarudishiwa vipande. Rangi ya Damascus inatafutwa kwa kutu, pole pole, siku baada ya siku, na mimi hiyo kazi namwachia anayeijua.

Hatua ya 3: vua mbao

Vua. Bisibisi ya duka la vifaa weka mbali, vijia vya skrubu za Kiingereza ni vyembamba kama uzi, chonga yako iingie kwa kubana. Kila skrubu ichomeke kwenye kadibodi uliyoichorea bunduki, hazibadilishani, hata zikifanana vipi.

Vyuma jamaa akarudi navyo kwenye kabati lake, mbao ikabaki kwangu.

Hatua ya 4: kutoa mafuta

Hapa ndo nilipopotezaga wiki tatu za maisha yangu. Kile kichwa cha kitako, pale mbao inapokutana na chuma, kimekunywa mafuta ya bunduki miaka mia na zaidi, ukibonyeza kwa ukucha kinaingia kama sabuni ya kipande. Kitako changu cha kwanza sikujua, nikapaka mafuta mapya juu yake, siku ya kumi na nne bado kinanata, nikakwangua, nikapaka tena, kikanata tena. Nikasema labda mafuta feki. Kumbe ya zamani yalikuwa yanapanda kutoka ndani.

Unachofanya: unga wa chaki, ule mweupe laini, changanya na asetoni uwe uji mzito. Paka kichwani unene wa kidole, acha. Asetoni inaingia inalainisha mafuta, ikipaa chaki inabaki inayavuta. Baada ya masaa kadhaa chaki imekuwa ya kahawia kama imemwagiwa chai, pangusa kwa brashi kavu, paka upya. Hiki cha jamaa kilikwenda raundi saba. Ya kwanza ilitoka rangi ya kahawa, ya saba karibu nyeupe. Usiishie ya tatu kwa sababu umechoka.

Ila sasa, madirisha wazi, na hita zima, asetoni inashika moto ukiangalia. Usiloweke kitako kizima kwenye ndoo. Usitumie ile mashine ya hewa moto ya kubandulia rangi, nilijaribu, mafuta yalichuruzika kweli na mbao ikapasuka nywele mbili. Oveni ndo usiniambie kabisa. Na zile kingo zinazopokea chuma usiziguse na kitu chochote kikali, zikipungua hata kidogo chuma kitakaa juu ya mbao milele na kila anayejua bunduki ataona.

Hatua ya 5: vibonyeo

Kitambaa kibichi, pasi ya moto, mvuke unainua. Rudia.

Hatua ya 6: mafuta mapya

Msasa mimi natumia 400 tu, na maji, na siukaribishi kwenye kingo. Vile vijimiraba vya kushikia ziba kwa tepu ya karatasi, baadae vipitishie mswaki wenye mafuta kiduchu. Vanishi ya plastiki mtanisamehe, hiyo ni ya meza za hoteli. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yamelowekwa mizizi ya alkaneti yakawa mekundu, matone matatu kiganjani, sugua mpaka mkono upate moto, futa yaliyobaki, mara moja kwa siku. Tulikwenda siku ishirini na mbili. Vitambaa vyenye kitani visikunjwe vikatupwa kwenye pipa, vinajiwasha vyenyewe, vitandaze nje au vizamishe kwenye maji.

Hatua ya 7: rudisha

Kinyume cha hatua ya 3. Kabatini isimamishe mdomo chini juu ya kitambaa, mafuta ya vyuma yashukie huko, yasiingie kwenye mbao. Jamaa kaniuliza mdomo chini si itaharibika, nikamwonyesha ile chaki ya raundi ya kwanza, bado ninayo kwenye kopo.