Jinsi ya Kuufundisha Mtaa Kutengeneza Mboji kwa Lundo Moja la Mfano

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wamekwisha kusikia kwamba taka zinazooza huweza kugeuka mbolea, lakini ni wachache waliowahi kushika mboji na kuinusa. Kwa sababu hiyo, ninamshauri yeyote anayetaka kuelimisha mtaa au soko lake aijenge elimu yote juu ya lundo moja la mfano, lililo mahali watu wanapopita kila siku, na awaalike kulitazama tangu likiwa maganda hadi liwe mboji nyeusi.

Hatua ya 1: Ridhaa na mahali. Onana kwanza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa au uongozi wa soko. Omba eneo la mita mbili kwa tatu, lenye kivuli, lisilotuamisha maji, na lililo mbali na kisima na meza za mama lishe.

Hatua ya 2: Kueleza sababu. Maelezo haya yawe mafupi na ya kweli. Taka za jikoni zinapofukiwa chini ya taka nyingine katika dampo, kama lile la Pugu Kinyamwezi, hukosa hewa, na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni huzivunja na kutoa gesi ya methani. Katika kipindi cha miaka 100, gesi hiyo hunasa joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Taka hizohizo zikiozeshwa katika lundo linalopitisha hewa, methani inayotoka huwa kidogo sana. Waeleze pia jambo ambalo wafanyabiashara wa sokoni hulielewa upesi: nyanya zilizooza na mabaki ya matunda ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo lori la taka huchoma dizeli likisafirisha maji kuyavusha jiji zima. Wakikuuliza kama kazi hii huwezekana kwa wingi, watajie kiwanda cha mboji cha Mabwepande, Kinondoni, kinachotumia taka za masokoni. Usiwaahidi kwamba mboji itamaliza taka zote, kwani plastiki na vioo vitabaki, na mtu aliyeahidiwa kupita kiasi hukata tamaa mapema.

Hatua ya 3: Kutenganisha. Anza na wauza mboga na mama lishe, ambao taka zao ni nyingi na huwa hazijachanganyika sana. Wape ndoo ya maganda, majani ya mboga na maganda ya mayai pekee. Nyama, samaki, mafuta na kinyesi cha mbwa au paka visiingie, kwa kuwa huleta panya, harufu na magonjwa.

Hatua ya 4: Kujenga lundo mbele ya watu. Tandika matawi chini ili hewa ipite. Weka tabaka la vitu vikavu, kama vile majani makavu, pumba za mpunga au maranda ya fundi seremala, kisha tabaka la taka mbichi, na unyunyize samadi kidogo. Kwa kila ndoo moja ya taka mbichi, weka ndoo mbili au tatu za vitu vikavu. Endelea hadi lundo lifikie mita moja kila upande, kwa sababu lililo dogo zaidi hupoteza joto haraka. Nyunyiza maji ukiendelea kupanga: ukikamua konzi moja, yatoke matone machache tu. Malizia kwa tabaka nene la majani makavu, ambalo ndilo kinga kuu dhidi ya inzi.

Hatua ya 5: Kijiti. Hii ndiyo saa ya kuwavuta watu, na ninaithamini kuliko mabango yote. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati ya lundo. Baada ya siku tatu au nne, kichomoe mbele ya wakazi na uwape wakishike kwa zamu. Lundo lililopangwa vizuri hufikia nyuzi joto 55 hadi 65, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Kijiti kikitoka kikavu, ongeza maji. Kikinuka uvundo, pindua lundo na uongeze vitu vikavu. Kikiwa baridi ilhali unyevu unatosha, ongeza taka mbichi au samadi.

Hatua ya 6: Kupindua. Pindua kila baada ya wiki moja au mbili, yaliyo nje yaingie ndani. Walau mara moja kwa mwezi, ifanye kazi hii siku ya usafi ya Jumamosi ya mwisho, wakati wakazi wamekwisha kutoka na majembe yao. Wakati wa masika, funika lundo kwa turubai.

Hatua ya 7: Jaribio la mchicha. Baada ya miezi mitatu hivi, mboji iliyoiva haipati joto tena na hunukia udongo uliolowa mvua. Andaa matuta mawili ya mchicha sambamba, moja lenye mboji na jingine la mchanga mtupu wa pwani, na uyamwagilie maji sawasawa. Mchanga huo haushiki maji wala virutubisho kwa muda mrefu, hivyo tofauti huonekana baada ya wiki chache. Siku ya kuvuna, gawa mboji iliyobaki kwa kaya zilizo tayari kuanza, andika majina yao, na upange kuzitembelea wiki ya kwanza ukiwa na kijiti, kwani wengi huacha wanapokutana na harufu au inzi na kukosa mtu wa kumuuliza.