Kambare wadogo: tangi kwanza, samaki baadae

Naulizwa sana hawa kambare wadogo wa kwenye tangi, wanaoitwa koridora, huku kwetu wanafugika? Wanafugika, ila asili yao mito ya Amerika ya Kusini, na kwa Unguja nionavyo mimi kinachowamaliza ni mchanga na joto, kwahiyo hayo yamalize kabla hujatoa pesa ya samaki.

Hawa wanakula kwa kuchokoachokoa chini, wanazamisha pua mpaka karibu na macho na mchanga wanautolea kwenye matamvua. Ukiweka vijiwe vyenye ncha au ukaacha uchafu ulale chini, ndevu zinaliwa kidogokidogo mpaka vinabaki vigutu. Na ule mchanga mweupe wa pwani msichukue jamani, mie nilichota ndoo mbili nikauosha mpaka vidole vikachubuka nikajiona fundi, kumbe ni matumbawe na makombe yaliyosagika, chokaa tupu ya kuyazidisha maji ugumu, na maji ya kisima chetu yenyewe magumu tayari, tazama birika la chai lilivyoganda weupe ndani. Jaribu hivi, tia siki kijiko kimoja juu ya mchanga mkavu, ukitoa povu achana nao.

Joto sasa. Wengi wao wanataka nyuzi 22 mpaka 26, na kaskazi ikishika chumba kinapita 30. Hita ya nini? Tafuta feni ndogo ipulize juu ya maji, tangi lisikae dirishani. Ukipata aina ya sterbai chukua hao, wanastahamili mpaka 28 hivi. Maji yakipata moto hewa inapungua, kwahiyo pampu ya hewa lazima na ya betri iwe pembeni, maana umeme ukikatika saa nane za usiku utamwita nani? Ukiwaona wanachomoka juu kumeza pumzi usishtuke, ndo walivyo, ila ikiwa kila dakika ujue maji yamechoka.

Filta iache ifanye kazi wiki 4 mpaka 6 kwanza, vijidudu vya kula amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, vizaliane, na maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini.

Chukua 6 wa aina moja, mmoja peke yake anajificha tu. Kuwahamisha tumia bakuli, miba yao inanasa kwenye wavu na ikikuchoma skwambii. Chakula kiwe cha kuzama, uwape ukishazima taa, samaki wengine wanaoogelea juu wana uroho.