Kumwandaa Mtoto kwa Mtihani wa Insha ya Masimulizi

Wazazi wengi wa Nairobi huanza kuishughulikia insha ya mtoto juma moja kabla ya mtihani wa muhula, na jambo la kwanza wanalolifanya ni kununua kitabu cha misemo. Mtoto hukalishwa mezani akakariri kwamba alirauka alfajiri na mapema, kwamba majogoo waliwika, kwamba alitoka shoti kama mshale, na kwamba alipofikwa na msiba machozi yalimtiririka njia mbilimbili. Siku ya mtihani huyamwaga yote katika aya mbili za kwanza, na muda humwishia kabla kisa chenyewe hakijaanza. Mwongozo huu unamlenga mzazi au mwalimu wa gredi ya 4 hadi ya 6 aliye tayari kufuata njia nyingine, yaani kumzoeza mtoto kusimulia tukio moja, kwa mpangilio, kwa Kiswahili anachokimudu. Misemo ina nafasi yake, nami nitaifikia, lakini si pa kuanzia.

Mtihani wenyewe

Tathmini ya KPSEA, ambayo Baraza la Mitihani la Kitaifa nchini Kenya, KNEC, lilianza kuitoa mwaka wa 2022 kwa wanafunzi wa gredi ya 6, huuliza Kiswahili kwa maswali ya kuchagua jibu. Kwa sababu hiyo baadhi ya wazazi wamehitimisha kwamba insha haina uzito tena. Hilo si kweli, kwa kuwa insha ingali inaandikwa katika tathmini za shuleni na katika mitihani ya kila muhula, na mtoto asiyeijua huingia shule ya sekondari ya msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, akiwa na pengo ambalo walimu wa huko hawana muda wa kuliziba. Shule nyingi zingali zinafuata kipimo cha KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ambapo insha ya Kiswahili ilitengewa dakika 40 na alama 40. Nyingine hutumia viwango vya mtaala wa umilisi, yaani CBC, kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali na matarajio. Mwulize mwalimu wa darasa ni kipimo kipi kinachotumika, kisha umwombe akuonyeshe insha moja aliyoisahihisha. Ukurasa huo mmoja wenye alama za kalamu nyekundu utakufundisha mengi kuliko maelezo yoyote ya jumla.

Maswali ya masimulizi huja kwa sura chache. Mtoto hupewa maneno ya kuanzia, au maneno ya kumalizia, au kichwa kama vile “Siku nitakayoikumbuka daima”, na mara nyingine methali ambayo kisa chake kinapaswa kuidhihirisha. Swali la maneno ya kumalizia ndilo linalowaangusha wengi, kwa maana mtoto huandika kisa chochote kilichomjia kichwani, halafu anapoona dakika zinayoyoma huyabandika maneno aliyopewa mwishoni, yasiyohusiana na lolote lililotangulia. Dawa ni kumfundisha kufikiri kuanzia mwisho. Tuseme amepewa: “…ndipo nilipotambua kwamba mama alikuwa amenionya kwa nia njema.” Kabla ya kugusa kalamu, ajiulize mama alimwonya kuhusu nini, alimwonya lini, yeye alilipuuzaje onyo hilo, na ni kitu gani kilichomfumbua macho. Akishapata majibu hayo manne, kisa kimekwisha kupatikana, na aya ya kwanza inajulikana: lazima onyo la mama lisikike humo.

Kusimulia kabla ya kuandika

Mtoto asiyeweza kukusimulia kisa kwa mdomo hawezi kukiandika, na kumlundikia karatasi tupu hakutamsaidia. Anzeni kwa mazungumzo, wiki nyingi kabla ya mtihani. Wakati mzuri ni pale mnapokwama kwenye msongamano wa magari katika barabara ya Jogoo, au jioni mnapochambua sukuma wiki jikoni. Mwambie akusimulie jambo moja lililotokea siku hiyo, na kazi yako iwe kusikiliza na kuuliza: Kisha? Alisema nini? Wewe ulikuwa umesimama wapi? Ulijuaje kwamba amekasirika? Usimsahihishe sarufi anapozungumza, kwa sababu anayekatizwa kila sentensi hujifunza kunyamaza.

Mwanzoni atakusimulia siku nzima. Ataamka, ataoga, atakunywa chai, atavaa sare, atapanda matatu, na kabla hajafika kwenye jambo lenyewe atakuwa amechoka yeye na wewe umechoka. Insha za watoto wengi ziko hivyo hivyo. Mzoeze kuanzia karibu na tukio, na kuachana na kila kitu ambacho kisa kingeweza kusimama bila hicho. Tukio moja na wahusika wawili au watatu huitosha kabisa insha ya ukurasa mmoja na nusu.

Hapa panahitaji mfano. Chukulia kwamba mtoto wa gredi ya 5 ameandika hivi: “Tulienda Gikomba kununua viatu. Watu walikuwa wengi sana. Nikapotea. Nikalia sana. Mama akanipata. Tukarudi nyumbani.” Hakuna kosa la kisarufi hapo, na kisa kipo, lakini neno lililobeba uzito wote, “nikapotea”, limepita kwa kasi sawa na yale mengine. Usimwambie “ongeza maelezo”, maana ataongeza maelezo ya hali ya hewa. Mwulize ilikuwaje hata mkono wa mama ukamponyoka. Mwulize alikuwa akitazama nini wakati huo. Majibu yake yakiandikwa, aya itakuwa na sura kama hii:

“Mama aliuachilia mkono wangu ili atoe pesa kwenye kibeti. Mimi nilikuwa nikivitazama viatu vyeupe vilivyopangwa juu ya gunia. Nilipoinua kichwa, niliiona leso ya buluu mbele yangu, nikaifuata. Nilipita vibanda vitatu, kisha vinne. Mwenye leso akageuka. Hakuwa mama.”

Hakuna msemo hata mmoja uliokaririwa hapo, na bado mtahini atataka kuendelea kusoma. Baada ya “Hakuwa mama”, ndipo mtoto anaweza kusema kwamba alipigwa na butwaa, na msemo huo utakuwa umekaa mahali pake kwa kuwa msomaji naye ameshtuka. Fanyeni zoezi hili la kukuza sehemu moja ya kisa mara nyingi kuliko zoezi jingine lolote. Kama muda unaruhusu jambo moja tu, basi na liwe hili.

Kiswahili cha mtaani na Kiswahili cha karatasi

Mtoto wa mitaa ya Umoja, Kawangware au Kayole huzungumza Sheng, lugha ya vijana wa mjini inayochanganya Kiswahili na lugha nyingine, siku nzima, na kumkataza ni kujisumbua bure. Hata hivyo, anapaswa kujua ni wapi hasa lugha ya mtaani inapenya katika insha, kwa sababu mara nyingi haipenyi kwa maneno ya Sheng yaliyo wazi, bali kwa vijineno asivyovitilia shaka. Ataandika “venye nilifika” badala ya “nilipofika”, “mtoto mwenye alianguka” badala ya “mtoto aliyeanguka”, “kitabu yangu” badala ya “kitabu changu”, na “nikampea” badala ya “nikampa”. Ukimkabidhi orodha ndefu ya makosa ataisahau. Mpe jozi moja kwa wiki, aitafute mwenyewe katika insha zake za zamani, aisahihishe, kisha aitumie kwa usahihi katika sentensi tatu mpya.

Nyakati za vitenzi zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa ndizo uti wa mgongo wa masimulizi. Mtoto huanza na “nilienda”, na msisimko unapopanda huteleza akaandika “mwizi anakuja, ananishika mkono”. Mweleze kwamba kisa huanzishwa kwa -li-, kitendo kinachofuata kingine huchukua -ka-, na kitendo kilichokuwa kikiendelea hubebwa na -ki-: “Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Mtu akakohoa. Nikarudi nyuma polepole.” Njia rahisi ya kukagua ni kumpa penseli apigie mstari kila kitenzi katika insha yake, akisoma kwa sauti. Penye -na- nje ya mazungumzo ya wahusika, na ajiulize imefikaje hapo.

Mazungumzo huipa insha uhai, lakini mawili au matatu yanatosha. Yakizidi, insha hugeuka kuwa tamthilia. Maneno ya mhusika yawekwe ndani ya alama za mtajo, na kila msemaji mpya aanze mstari wake. Swali kama utingo wa matatu aruhusiwe kuzungumza Sheng ndani ya alama hizo huulizwa mara kwa mara. Kwa maoni yangu angeruhusiwa, kwa kuwa ndivyo anavyozungumza, lakini watahini wengi hawakubali, na chumba cha mtihani si mahali pa kuwabishia.

Misemo, methali na majogoo

Mwalimu anayesahihisha insha za darasa moja hukutana na jogoo yule yule akiwika katika karatasi baada ya karatasi, ilhali kinachomwamsha mtoto wa mtaa wa Pipeline ni honi ya matatu au jirani anayevuta mtungi wa maji kwenye ngazi. Mtoto akiandika kuhusu mtungi huo, mwalimu atainua macho.

Hiyo haina maana kwamba misemo itupwe. Lugha yetu ni tajiri, na mtoto anastahili kuirithi. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba asitumie msemo asioweza kuueleza kwa maneno yake. Mwulize “kulia kwa kite” ni kuliaje. Akijibu, autumie. Akibabaika, uwekwe kando hadi siku nyingine. Methali ndizo hatari zaidi, kwa kuwa mtoto huzikumbuka kwa mlio bila kukumbuka maana. Huandika “mchelea mwana kulia hulia yeye” katika kisa cha mtoto aliyepotea sokoni, eti kwa sababu mna mwana na mna kulia, ilhali methali hiyo inamhusu mzazi anayeogopa kumrudi mwanawe. Methali moja inayoingia kisa barabara inatosha kwa insha nzima.

Msamiati hukua kwa kusoma na kusikiliza. Gazeti la Taifa Leo likiwepo nyumbani, mwachie mtoto ukurasa mmoja. Maktaba za Kaloleni na Makadara, pamoja na ile ya McMillan katikati ya jiji, zina mahali pa mtoto kukaa na kusoma. Taarifa ya habari ya saa moja usiku nayo ni darasa la bure la Kiswahili sanifu. Mzazi ambaye Kiswahili chake ni cha kubahatisha, nao ni wengi katika jiji hili, asijione hana mchango, kwa kuwa kuuliza “kisha ikawaje?” hakuhitaji cheti.

Ratiba na usahihishaji

Insha moja kwa wiki inatosha, mradi iandikwe mara mbili, mara ya kwanza kama ilivyomjia na mara ya pili baada ya kuizungumzia. Kuandika insha mpya kila siku huzaa makosa yale yale kila siku. Unaposahihisha, jizuie. Chagua mambo mawili pekee, kwa mfano nyakati za vitenzi na mgawanyo wa aya, na uyaache mengine hata kama yanakuwasha. Kabla ya hayo, msomee kwa sauti sentensi moja aliyoiandika vizuri, umwambie kwa nini ni nzuri.

Tahajia ishughulikiwe kidogo kidogo. Makosa yanayorudi sana ni kuunganisha “kwa sababu” kuwa neno moja, kutenganisha “nilikuwa” kuwa “ni likuwa”, na kusahau kibainishi katika “ng’ombe” na “ng’ambo”. Hati isomeke. Haihitaji urembo.

Majuma mawili ya mwisho yawe ya kuzoea saa. Kwa mtihani wa dakika 40, dakika tano za kwanza ni za kusoma swali na kuandika mpango wa mistari minne kwa penseli: nani na wapi, ni nini kilichoharibika, mhusika alifanya nini, na mambo yalikwishaje. Dakika 30 ni za kuandika. Tano za mwisho ni za kusoma upya, na hizo ndizo ambazo watoto huzitoa sadaka kwa urahisi mno. Tumia saa ya ukutani badala ya simu, kwa sababu darasani hatakuwa na simu, na umwonyeshe mshale utakuwa umefika wapi wakati anapopaswa kuwa ameanza aya ya mwisho.

Usiku wa kuamkia mtihani usimfundishe neno jipya. Hakikisha ana kalamu mbili zinazoandika na kwamba amelala mapema. Asubuhi mkumbushe mambo mawili tu: asome swali mara mbili kabla ya kuandika, na kama amepewa maneno ya kuanzia au ya kumalizia, ayanakili neno kwa neno, bila kubadilisha hata nafsi ya kitenzi.